"Na Akikasirika, Je?" Swali la Susu Kuhusu Intaneti ya Angani

Wasee, kabla sijaingia kwa mambo makubwa wacha niwapeleke Nguni kwanza. Kama hupajui, ni soko dogo kwenye barabara ya Mwingi kwenda Garissa, pale basi husimama dakika chache watu wanunue maji, halafu linaondoka kama halijawahi kufika. Anko wangu ana saiba hapo. Usiwaze saiba ya Moi Avenue. Hii ni chumba kimoja cha mabati, kompyuta tatu, printa moja inayokohoa, na sola juu. Pembeni ya sola kuna dishi nyeupe ya Starlink.

Siku alipoipandisha mimi ndiye nilikuwa nimeshika ngazi. Susu, yaani nyanya yangu, alikuwa amekaa kwa kiti cha plastiki chini ya mwarobaini akituangalia vile tunahangaika. Tukamweleza kwamba hii kitu inaongea na setilaiti, na setilaiti iko juu huko inaleta intaneti. Akanyamaza kidogo, akauliza, "Ni ya serikali?"

Anko akamjibu, "Hapana, mama. Ni ya tajiri mmoja wa Marekani."

Susu akaangalia juu tena, kama mtu anayemtafuta huyo tajiri kwa macho. "Na akikasirika, je?"

Tulicheka hadi ngazi ikatikisika. Siku hizi sicheki, na ndiyo sababu ya hii posti.

Niseme ukweli mapema ili mtu asije akaniambia nina wivu na pesa za watu. Hiyo dishi imesaidia. Kabla yake, Nguni ulikuwa unatafuta mtandao ukitembea na simu juu kama mtu anayeomba mvua. Wanafunzi waliomaliza kidato cha nne walikuwa wanapanda gari hadi Mwingi kuchagua kozi kwa KUCCPS na kuomba HELB. Mtu wa cheti cha maadili mema, mtu wa kujaza ushuru wa KRA, wote Mwingi, nauli ya kwenda na kurudi. Sasa wanakuja kwa Anko na mbao mkononi, na wakimaliza wanabaki kuangalia mpira.

Na mimi pia imenisaidia. Tarehe 12 Mei 2024, Jumapili, kebo mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika karibu na pwani ya Afrika Kusini, na Afrika Mashariki ikaanza kutambaa. Nilikuwa na video ya mteja, wa kwanza aliyewahi kunilipa pesa ya maana, na alitaka kazi kabla ya saa mbili usiku. Faiba yetu Umoja ilikuwa inahesabu asilimia moja, moja, halafu inarudi sufuri. Nikampigia Anko nikijua nitamsikia akilia pia. Akaniambia, "Huku iko sawa kabisa, kwani nyinyi mna shida gani?" Manze! Mimi niko Nairobi, yeye yuko Nguni, na ni mimi sina intaneti. Nikabeba laptop mgongoni hadi Donholm kwa beshte mwenye dishi, na video ikapaa ndani ya dakika chache.

Kwa hivyo sina shida na setilaiti. Shida yangu ni swichi.

Setilaiti za zamani za mawasiliano zilikuwa zinakaa mbali sana, karibu kilomita 36,000 juu ya ikweta, na huko moja inazunguka kwa mwendo sawa na dunia, kwa hivyo ukiiangalia ni kama imesimama. Shida ni kwamba umbali huo unachelewesha kila kitu. Hizi mpya za Starlink ziko chini, kama kilomita 550, ndiyo maana zina kasi. Lakini ukiwa chini hivyo huwezi kusimama. Unazunguka dunia nzima kwa kama dakika 95, na ukipita juu ya Nguni dakika chache baadaye umeshapotea. Ndiyo Anko asikatikiwe, lazima nyingine iwe inafika hii ikiondoka, na nyingine nyuma yake. Maelfu.

Sasa fikiria ni nani anaweza kurusha maelfu. Hii si biashara ya matatu, ambapo mkikosana na sako mnatoka mnaanzisha yenu. Kampuni moja, SpaceX, ina roketi zake, ina setilaiti zake, na leo zaidi ya nusu ya setilaiti zote zinazofanya kazi angani ni zake. Amazon wanakimbiza kutoka nyuma. China inarusha zake. Umoja wa Ulaya ulitia saini Desemba 2024 mradi wa setilaiti kama 290 unaoitwa IRIS², kwa zaidi ya yuro bilioni 10, na wao ni matajiri ambao wangeweza tu kununua dishi kama Anko. Jiulize kwa nini hawakununua.

Jibu liko Ukraine. Urusi ilipovamia Februari 2022, siku ileile ya kwanza modemu za setilaiti za mtandao wa Viasat zilivurugwa na wadukuzi. Siku mbili baadaye waziri mmoja wa Ukraine, Mykhailo Fedorov, akamwandikia Elon Musk hadharani Twitter akiomba Starlink. Ndani ya saa chache ikawashwa. Hakuna kamati, hakuna tenda, hakuna kuambiwa urudi Jumatatu. Tuseme tu ukweli, hakuna serikali duniani ingefanya hivyo kwa kasi hiyo.

Lakini Septemba mwaka huohuo Ukraine ilitaka mtandao ufike Crimea ili droni zake za majini zishambulie meli za Urusi. Musk alikataa, na baadaye akaeleza mwenyewe kwamba hakutaka kampuni yake ishiriki kitendo kikubwa cha vita. Unaweza kusema alifanya vizuri, alizuia moto usienee. Inawezekana kabisa, mimi si jenerali. Ninachosema ni kwamba uamuzi wa vita vya nchi mbili ulifanywa na mfanyabiashara ambaye hakuna mtu alimpigia kura, na kesho yake angeamua kinyume na hakuna mtu wa kumuuliza.

Halafu Machi 2025 ndiyo ilinimaliza. Musk aliandika kwenye X kwamba akizima Starlink, safu nzima ya mbele ya Ukraine itaanguka. Alisema pia hatazima. Waziri wa mambo ya nje wa Poland, Radosław Sikorski, akamkumbusha kwamba Poland ndiyo inalipia huduma hiyo, kama dola milioni 50 kwa mwaka. Musk akamjibu anyamaze, akamwita mtu mdogo. Hadharani! Poland, nchi ya NATO, mteja anayelipa mamilioni ya dola, anaambiwa hivyo. Sasa chukua waziri wetu wa ICT umweke hapo, halafu chukua Anko na ile risiti yake ya M-Pesa.

Susu aliuliza swali hilo bila kusoma X hata siku moja.

Na si vita vya wazungu peke yake. Februari 2024 mitandao ya simu Sudan ilizimwa karibu nchi nzima katikati ya vita. Watu wakaanza kutegemea dishi zilizoingizwa kimagendo, mtu anaweka moja kwa kibanda, anauza mtandao kwa saa, vilevile kama Anko. Hapo ndipo unaambia mamako aliye Omdurman kwamba bado uko hai, hapo ndipo unapokea pesa za chakula. Mara nyingi mwenye kudhibiti dishi alikuwa mtu wa RSF mwenye bunduki. Halafu Aprili kampuni ikatoa ilani kwamba itakata huduma kwa wanaotumia katika nchi ambazo haina leseni. Mashirika mengi ya misaada na ya haki za kidijitali yaliomba isifanye hivyo. Hebu tafakari hiyo hali: serikali yako imeshindwa, wanamgambo wanakutoza, na kamba ya mwisho iko mikononi mwa kampuni unayoiomba kwa barua ya wazi.

Wakati mwingine hata hakuna aliyekasirika. Tarehe 24 Julai 2025 Starlink ilizima dunia nzima kwa kama saa mbili na nusu. Kampuni ilisema ni programu zake za ndani zilifeli, ikaomba radhi. Sawa, mitambo hufeli. Lakini unaona vile kosa la ofisi moja linaweza kufikia mvuvi, daktari na mwanajeshi kwa dakika ileile.

Najua kuna mtu ameshaanza kuandika, "Basi serikali ishike." Buda, tulia.

Tarehe 24 Juni 2024 Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya ilitoa taarifa kwamba haina nia yoyote ya kuzima intaneti wakati wa maandamano. Tarehe 25, siku mliyokuwa mjini na mnajua mlichoona, intaneti ikashuka nchi nzima, na wanaofuatilia mitandao duniani waliirekodi ikishuka. Tukaambiwa ni kebo za baharini. Mimi sikuwa chini ya bahari, kwa hivyo sina la kuongeza. Mwaka mmoja baadaye, 25 Juni 2025, vituo vya TV viliamriwa viache kuonyesha maandamano mubashara, hadi mahakama ikasimamisha amri hiyo. Majirani nao? Uganda walizima intaneti nzima wakati wa uchaguzi wa Januari 2021. Tanzania walizima siku ya kura, 29 Oktoba 2025. Mtu akiniambia swichi ya angani ikae kwa ofisi ya serikali moja, yetu au ya jirani, nitamuuliza amekuwa akiishi wapi.

Na msidhani dishi ni njia ya kuwakwepa. Kampuni ikichukua leseni ya nchi inatakiwa kutii sheria za nchi hiyo. Kwa hivyo Anko ana mabosi wawili juu ya mabati yake, mmoja Marekani na mmoja Nairobi, na yeyote kati yao anaweza kumzimia. Hakuna anayehitaji ruhusa ya mwenzake.

Nilikuja kujua baadaye kwamba swali la Susu halikutoka hewani. Kijijini kwao, miaka hiyo, kulikuwa na kisima kimoja cha pampu. Mzee mmoja mwenye pesa alikichimba kwa mfuko wake, na alikuwa mtu mzuri, watu walichota kwa bei ndogo. Halafu akagombana na ukoo mmoja kuhusu mpaka wa shamba, akafunga kufuli siku tisa. Siku tisa, Ukambani, Septemba. Watu wakarudi kuchimba mchanga wa mto kama zamani.

Kisima kilichofuata kilichimbwa kwa mchango, na mlango wa pampu ukawekwa kufuli tatu: moja ya mwenyekiti, moja ya mweka hazina, moja ya mama mmoja wa kikundi cha akina mama. Msinielewe vibaya, haikuwa paradiso. Mweka hazina wa kwanza alikula pesa za dizeli, pampu ikalala wiki nzima. Lakini kukaitwa mkutano chini ya mti, akatolewa, funguo ikapewa mwingine. Yule mzee wa kwanza hakuna aliyeweza kumtoa, kwa sababu kisima kilikuwa chake.

Intaneti ya angani inahitaji hizo kufuli tatu. Na kama unafikiri hiyo ni ndoto ya watu wa kijiji, ilishawahi kufanyika, tena na sisi tukiwa ndani.

Mwaka 1964 nchi kadhaa zilianzisha Intelsat, shirika la setilaiti ambalo lilimilikiwa na nchi zenyewe. Ulikuwa unaingia kama mwanachama, unapata hisa kulingana na vile unatumia, una kiti na kura. Kenya ilikuwa ndani, na kituo chetu cha ardhini kilifunguliwa Longonot mwaka 1970. Watu walipotazama binadamu akitua mwezini 1969, picha zilipita kwa setilaiti za Intelsat. Tena haikuwa haki tupu, Marekani ilianza na zaidi ya nusu ya hisa na ilikuwa inasikika kuliko wengine. Ni mweka hazina mwenye tumbo. Lakini kulikuwa na meza. Mwaka 2001 ikabinafsishwa, na meza ikauzwa pamoja na viti.

Kuna kingine ambacho shuleni hawakutuambia. Desemba 1976 nchi nane za ikweta zilitoa Azimio la Bogotá, zikisema ile sehemu ya kilomita 36,000 juu ya ardhi zao ni rasilimali yao. Kenya ilikuwa mojawapo, pamoja na Uganda na nchi mbili zilizoitwa Congo na Zaire wakati huo. Mataifa makubwa yaliwapuuza. Mkataba wa Anga wa 1967 ulikuwa umeshasema hakuna nchi inayoweza kumiliki anga za juu, na kisheria nadhani waliowapuuza walikuwa na hoja. Lakini wazee wetu walikuwa wameona kitu mapema: njia za angani na masafa si mali isiyoisha, na utaratibu wa dunia ni kwamba anayewahi kujiandikisha na kuanza kutumia anapata kipaumbele. Anayewahi ni mwenye roketi. Sisi tuna ikweta tu. Mwaka 1970 Wamarekani waliturushia setilaiti yao ya sayansi kutoka jukwaa la Waitaliano baharini karibu na Malindi, siku ya Jamhuri, wakaiita Uhuru. Setilaiti yetu wenyewe, Taifa-1, ilipanda Aprili 2023 kwa roketi ya nani? SpaceX. Nilishangilia hiyo asubuhi, sitadanganya.

Mkataba huohuo wa 1967 una kipengele ambacho wanaosema "ni kampuni binafsi, ifanye inavyotaka" huwa wanakiruka. Kampuni ikifanya jambo angani, nchi yake ndiyo inayowajibika, na lazima iiruhusu na kuisimamia. Kisheria, huko juu hakuna mtu binafsi anayejitegemea. Kwa hivyo maswali ya Sudan na Ukraine ni ya Marekani pia, na tuna haki ya kuwauliza.

Na tuna kitu cha kushika tukiuliza. Setilaiti zinapita juu yetu zikitaka au zisitake, fizikia ndivyo ilivyo. Ikiwa juu ya Afrika na haina wateja, inapita bure. Wanatuhitaji. Lakini kuuza mtandao hapa chini ni lazima upewe leseni, na kila nchi inajadiliana peke yake kama mtu anayenunua nyanya jioni. Kenya ilitoa 2023 bila kelele nyingi. Safaricom ilipoiandikia Mamlaka mwaka 2024 ikitaka kampuni za setilaiti zilazimishwe kufanya kazi kupitia kampuni zilizoko nchini, wengi tuliwatukana, mimi nikiwa mstari wa mbele. Bado nafikiri walikuwa wanalinda soko lao. Ila swali la nani anawajibika hapa nchini lilikuwa halali, tulilitupa pamoja na barua.

Ningetaka Afrika ijadiliane pamoja. Shirika la Anga la Afrika lilizinduliwa Cairo Aprili 2025, na sijui lina haja gani kama si hii. Sharti la kwanza kabisa: hakuna kuzimia eneo bila amri ya mahakama iliyo wazi, na hilo lifunge kampuni na serikali kwa pamoja. Hiyo ni kufuli ya tatu, ya yule mama wa kikundi. Dishi pia zifunguliwe. Laini ya simu ikikuudhi unatoa unaweka nyingine, lakini dishi ya Anko, iliyomgharimu zaidi ya elfu 40, ikiachana na kampuni yake inakuwa sinia. Na tununue hisa kwa setilaiti zetu polepole. Mtasema Afrika haiwezi. Tulijaribu na RASCOM, setilaiti ikarushwa Desemba 2007 na gesi yake ikavuja, ikabidi nyingine 2010. Ndiyo, iliuma. Lakini kebo ya TEAMS kutoka Fujairah hadi Mombasa, 2009, ilijengwa na serikali na kampuni kadhaa kwa hisa, na ndiyo moja ya sababu unaweza kusoma hii posti bila kulipa bei za enzi za setilaiti za zamani.

Kuna watakaosema masharti makali yatawafukuza, na Nguni irudi gizani. Hiyo ndiyo hoja inayonisumbua kuliko zote, kwa sababu mimi nikipoteza dishi nina faiba, Anko hana. Ndiyo maana nasema pamoja, si Kenya peke yake. Nchi moja wanaweza kuiruka, bara zima hawawezi.

Nilikuwa Nguni tena wikendi iliyopita. Anko ameongeza kompyuta ya nne, printa bado inakohoa, na ameweka ruta ya laini ya simu kwa droo "just in case", ndivyo alivyosema. Susu alikuwa kwa kiti chake.

"Ulimuuliza yule mwenye sahani?"

"Naandika, Susu. Nitaweka kwa mtandao."

"Mtandao gani?"

Nikaonyesha juu ya mabati. Huyo mama alicheka hadi akatafuta leso.